Mabango Mawili kwenye Mlango wa Bibi

Nina ugonjwa wa kuuliza maswali. Mume wangu husema hata nikiandaliwa chai nitataka kujua maji yamechotwa wapi, na kazi yangu ya elimu ya afya imeniharibu zaidi.

Ndiyo maana bibi mmoja wa kijiji cha Vihingo alinikosesha raha. Alikuwa akimlea mjukuu wake wa miaka mitatu, na kila nilipofika mtoto alikuwa anaharisha, kila safari amekonda zaidi. Bibi hakukosa mkutano wangu hata mmoja. Nikiuliza maji ya kunywa yafanywe nini, yeye ndiye wa kwanza kujibu: yachemshwe. Nyumbani kwake hayachemshwi. Kwenye daftari langu nikaandika: kaya hii inahitaji elimu zaidi.

Wakati huo ofisi yetu ya afya na ile ya misitu zilikuwa zimeagizwa kushirikiana, na ushirikiano wenyewe, nikisema kweli, ulikuwa gari. Mimi napandia Tangini, bwana misitu anapandia Visiga, tunakwenda Vihingo. Njiani yeye husimulia shamba lake la matikiti, mimi nacheka. Tukifika, kila mtu anashuka na mabango yake na kushika njia yake. Tunakutana tena kwenye wali maharage. Ripoti husema wadau wameshirikiana vizuri.

Safari ya nne nikashindwa kuvumilia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, nataka kuelewa tu. Mbona maji huchemshi?"

Alinishika mkono, akanigeuza nitazame mlango wake. Bango langu la bluu lilikuwa pale: sufuria juu ya mafiga, moto unawaka vizuri. Pembeni yake kulikuwa na bango la kijani ambalo nilikuwa nimelipita mara tatu bila kulisoma. Lilichorwa mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani, amekatwa na alama nyekundu ya X.

"Huyu anasema nichemshe. Huyu anasema kuni nisiguse. Mabua ya shambani yanaivisha ugali, basi, yanaisha. Sasa mtoto nimnyime ugali?"

Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Nyie mnakuja gari moja. Njiani huwa mnaongea nini?"

Nikakumbuka matikiti. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini.

Nikamwita bwana misitu, aliyekuwa nyumba ya pili. Alilitazama bango lake, akalitazama langu, akakuna kichwa.

"Lakini bibi, kuni kavu zilizoanguka ruksa. Tunakataza kukata miti. Nani alikwambia hata kavu usiokote?"

"Picha yako," bibi akasema.

Hakubisha. Alivua koti la ofisi, akatangulia kuingia msituni, mimi na bibi nyuma yake. Tulirudi na mizigo mitatu ya kuni kavu, wa bwana misitu ukiwa mdogo kuliko yote, na nikamtania kwa hilo. Hatukuondoka mpaka maji yalipotokota, yakapoa, na mjukuu akapewa kikombe. Alikunywa chote, akaomba tena.

Kwenye gari hakuna aliyetaja matikiti. Nilifungua daftari, nikaitafuta ile sentensi yangu: kaya hii inahitaji elimu zaidi. Nikakata neno kaya, nikaandika juu yake: gari.