Blanketi Lililokwenda Walikale

Mdogo wangu alikuwa na miaka sita hivi alipompa Mungu blanketi letu. Nasema letu, maana tulilala chini yake wawili, lakini yeye hakuona haja ya kuniuliza.

Jumapili hiyo, kanisani kwetu karibu na Muheto, tulikuwa tunamuaga mwinjilisti aliyetumwa kuhubiri katika msitu wa Walikale, mbele ya Pinga. Watu walileta maharage, viazi na chungu cha siagi. Mara nikamwona mdogo wangu anapita katikati ya mabenchi na blanketi kichwani, lile ambalo Baba alilinunua kwa mshahara wa shamba la pareto la Mbelgiji.

"Papa mwinjilisti, ni ya kujifunika. Usisikie baridi kule."

Kanisa zima lilicheka. Kwetu milimani ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi. Mtoto aliyezaliwa humo angejuaje kwamba kuna nchi ambayo watu hulala kifua wazi? Baba, aliyezoea kumwita binti yake Mama kwa kumbembeleza, alijaribu kumweleza.

"Mama, Walikale iko joto sana. Bulangeti atafanya nayo nini?"

"Hata kule usiku inaingiaka," akajibu.

Mwinjilisti, muungwana yule, alilipokea kwa mikono miwili na kulifunga juu ya mzigo wake. Nililitazama likishuka mlima kuelekea nchi ya joto na moyo uliniuma, sitaficha. Usiku tulijifunika kitenge cha Mama. Mdogo wangu alitetemeka mpaka kitanda kikalia, lakini nilipomuuliza kama anasikia baridi, alisema hapana.

Tulimtania miezi mingi. Mvua ya mawe ikinyesha, Baba alisema, "Mutoto, mupelekee Papa mwinjilisti na makala ya kuota moto, asigande." Naye alicheka pamoja nasi. Kisha siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba analia. Aliniuliza kama ni kweli blanketi lake halina kazi yoyote kule. Nikampangusa kamasi.

Mwinjilisti alirudi kupumzika wakati wa kuvuna maharage, blanketi likiwa bado juu ya mzigo wake. Alikuwa amekonda, macho ya manjano. Aliketi jikoni kwetu, akamwita mdogo wangu.

"Malaria ilinikamata kule. Katika ile joto yote nilitetemeka mpaka meno inagongana. Watu walinifunika bulangeti yako, wakaishikilia nisiitupe. Bila ile, singerudia huku."

Safari hii hakuna aliyecheka. Baba aliutazama moto. Mdogo wangu alitugeukia mmoja mmoja, mikono kiunoni.

"Niliwaambia kule iko baridi!"

Mwinjilisti aliporudi msituni, Baba mwenyewe ndiye aliyelifunga lile blanketi juu ya mzigo, na mimi nikaendelea na kitenge cha Mama. Mpaka anaolewa, mdogo wangu aliamini kwamba Walikale ni nchi ya baridi kali, na nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kumsahihisha.