Mzazi Mwenye Ndevu

Kwetu Malindi, ukisikia nyumba fulani kuna mzazi, huulizi ni mzazi wa nani. Unajua mwanamke amejifungua, yumo ndani hajatimiza arubaini, ananywa uji wa pilipili manga na kukandwa kwa maji ya moto, na ukipita hapo unashusha sauti. Mzazi ni huyo. Baba wa mtoto ni baba tu. Sasa mimi, mwanamume mzima na ndevu zangu, kazini naitwa Mzazi, na nikiitwa naitika.

Nilikuwa mwokaji wa hoteli moja ya ufuoni. Mikate, keki, mahamri ya asubuhi, vyote vilitoka kwenye tanuri langu. Nasema langu kwa sababu nilianza kwa kuosha masufuria, nikapanda mpaka pale kwa jasho langu. Mke wangu alipokaribia kujifungua, nilimwendea meneja kuomba ile likizo ambayo sheria inampa baba. Meneja mwenyewe ni mtu wa hapa hapa pwani, amenizidi umri, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo akaniitikia marahaba vizuri tu. Nilidhani tutaelewana.

"Likizo ya uzazi ni ya mzazi," akaniambia mbele ya jiko zima. "Kwani wewe umezaa?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika meza. Naye alivyoona wanacheka akazidisha. Ati yeye ana watoto tele na hakuna hata mmoja aliyemkosesha kazi. Ati wanawake wana mambo yao, mwanamume akikaa humo ndani anawaharibia tu, na tena msimu umeingia, hoteli imejaa wageni. Nikamweleza kwamba mama mkwe ameshafariki, na mama yangu yuko Magarini, miguu imemvimba hata uani hatoki. Akasema nitafute msichana wa kazi. Nilikasirika, wallahi, lakini nikarudi kukanda unga wangu.

Mke wangu akajifungua kwa upasuaji. Mwenye mshono tumboni hainui ndoo, hainami kufua nepi, na nyumba yetu ya kupanga maji yako uani, si ndani. Siku aliyoruhusiwa kutoka hospitali alishuka kwenye tuktuk ameshika tumbo kwa mikono miwili, uso umempauka, mtoto nimembeba mimi. Nikajiuliza nani atakaa naye kesho nikienda kuwaokea wageni keki. Nilitafuta kichwani mtu mmoja tu, sikumpata.

Asubuhi yake nikamwomba jirani amtazame kidogo, nikaenda kwa meneja kumwambia kwamba likizo yangu imeanza. Hakupandisha sauti. Alisema nikitoka mlango ule, tanuri atampa mtu mwingine. Nikavua aproni, nikaikunja vizuri, nikamwekea mezani. Potelea mbali, nikajisemea, nikaenda zangu.

Nyumbani nikawa ndiye mpishi, dobi na mlezi. Bibi mmoja wa mtaani, mkandaji wa wazazi, alinikuta nakoroga uji akataka kunifukuza, kwamba hapa si mahali pa mwanamume. Nikamwambia shikamoo bibi, kaa kitako kwanza unywe. Akanywa, akasema pilipili manga haitoshi. Nikaongeza. Kwa sababu ya mshono tumbo halikukandwa, alimkanda mke wangu mgongo na miguu, nami nikimchemshia maji, na hakunifukuza tena. Wanaume wa barazani ndio walionicheka nilipoanika nepi. Basi nilizianika polepole makusudi, moja moja, wazione vizuri.

Halafu siku moja adhuhuri nikasikia kitanda kinatikisika. Mke wangu anatetemeka. Nilimgusa, anachoma. Kumbe mshono umetunga usaha, naye alikuwa akinificha maumivu ati asinisumbue. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nikamwachia bibi mtoto, nikambeba mama yake mpaka kwenye tuktuk, na njia nzima namwambia anisemeshe, anisemeshe, asifunge macho. Hospitali wakamsafisha kidonda, wakamtundikia dawa. Muuguzi akaniambia nimemuwahi, na kwamba wanaoachwa peke yao huletwa wakiwa hawajitambui.

Nimesimama pale, shati limelowa jasho, simu ikalia. Meneja. Kuna harusi hotelini, anataka nije hata kwa muda mfupi tu. Akauliza niko wapi.

"Niko kazini," nikamwambia, nikakata simu.

Likizo ilipokwisha nikarudi. Tanuri nikalikuta lina mwenyewe, mimi nikapelekwa jiko la wafanyakazi, ugali na maharage. Meneja akanipokea mbele ya watu: Mzazi, umepona? Wakacheka tena. Nikamjibu kwamba mimi sikuugua, aliyeugua ni mke wangu, na yu hai kwa sababu nilikuwepo. Kicheko kikakatika pale pale, ila jina likabaki.

Tanuri sijarudishiwa hadi leo, na linaniuma, sitasema uongo. Asubuhi harufu ya mkate wa mtu mwingine ikinifikia huku nakoroga maharage, nameza mate machungu. Lakini mke wangu anavuka ua na ndoo yake kichwani, anamgombeza binti yetu kwa kuchezea matope, na sauti hiyo naisikia kutoka mbali nikirudi kazini. Niulizeni hata mara mia, aproni nitaikunja vilevile. Na mhudumu mmoja ambaye mkewe anakaribia kujifungua alipoomba likizo yake juzijuzi, akaulizwa kama anataka kuwa kama Mzazi, alisema ndiyo.

Sasa mke wangu ana mimba tena, na daktari ameshasema atapasuliwa. Jana nimemwendea meneja. Nilimkuta jikoni, na wote waliocheka siku ile wapo. Nikamwamkia kama adabu inavyotaka, akaitikia.

"Mzazi anaomba likizo," nikamwambia.

Meneja alinitazama ndevu, akawatazama watu wake mmoja mmoja akingoja mtu acheke, kisha akaniuliza naanza lini.