Joto la Boila Kabla ya Zamu ya Polikarpo

Kaka yangu Polikarpo alikuwa ameshazikwa kompyuta ilipomshtaki.

Ilikuwa 1998. Boila ilipasuka kwenye kiwanda kimoja Chang'ombe, ikamuua yeye na mwenzake Shomari. Ripoti ya kompyuta ikasema kaka aliipokea ikiwa na nyuzi thelathini na moja, yaani imepoa kabisa, halafu akaiwasha na kuiacha ipitilize.

Mwanaasha, mjane wa Shomari, nilimkuta bombani.

"Kaka'ko kaniulia mume, nawe unanisalimia?"

Nilirudi na ndoo tupu.

Binamu yangu Elibariki ndiye aliyeandika programu iliyotoa ripoti ile, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Nikaamua kumfuata. Mume wangu Fransis, naye fundi wa boila hiyohiyo, hakutaka.

"Mama Elinaza, mwache marehemu apumzike."

Nikaenda. Akanifuata.

"Eli, boila ya kazini inapokelewaje imepoa?"

"Dada Yuliana, mashine haina undugu." Akacheka kidogo. Kisha akasogelea skrini, kicheko kikakatika.

"Nini?"

"Vipimo vyote vimepangwa kwenye mstari mmoja. Nikakata kipande cha zamu ya Polikarpo. Python inaanzia sifuri, kwa hiyo kipimo chake cha kwanza ni namba sifuri. Nikataka kilichotangulia, nikaandika hasi moja."

"Si ndicho kinachotangulia?"

"Humu hasi moja ni cha mwisho. Inazunguka, inahesabu kutokea mkiani." Akanionyesha mwisho wa mstari. "Dada, nimesoma joto la boila iliyokwishapasuka na kupoa, nikasema ndivyo alivyoipokea."

Nikasogeza kiti karibu na skrini.

"Soma cha kweli."

Akarudi kwenye mstari mzima, akachukua kipimo kilichotangulia kipande kile. Namba ikatokea.

Ilikuwa imeshapita kiwango cha hatari. Kaka alikabidhiwa bomu.

"Nani alimkabidhi?"

Elibariki aligeuka taratibu. "Shemeji, zamu ya mchana ilikuwa yako. Si uliniambia uliizima?"

Fransis, aliyebeba jeneza la kaka yangu upande wa mbele, alikuwa ameshashika kitasa cha mlango.

"Nilijua atawahi kuipunguza joto," alisema. "Polikarpo alikuwa anawahi siku zote."

Nilikwenda kwa Mwanaasha, nikamtajia jina la mume wangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Alinivutia mkeka, tukakaa.

Ndugu msomaji, ukiamua kumsafisha marehemu wako, jiulize kwanza utalala wapi siku ukweli ukijulikana.