Nilivyoisifia Dawa ya Shangazi

Kosa langu lilianza kwa adabu. Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu katika shule ya Makanyagio, tezi yangu ya shingo ikazembea kazi. Uso ulivimba, nikasikia baridi mchana kweupe, nikawa nasinzia mbele ya wanafunzi. Daktari akanipa vidonge vya kumeza kila siku. Shangazi naye akaniletea kutoka Inyonga mizizi iliyolowekwa kwenye asali.

Vidonge nilimeza, asali nikaipaka kwenye mkate. Nilipopata nafuu nikaona vibaya kumvunja moyo, nikamwambia, "Shangazi, dawa yako imeniponya." Mwongo mkubwa mimi!

Miezi ikapita. Siku moja nikiwa kwenye dirisha la dawa hospitalini, nikamwona shangazi anamkokota jirani yake, Mama Kulwa, ambaye alikuwa amevimba, hata kuongea kwa shida.

"Ana ugonjwa wako," shangazi akasema. "Aliacha vidonge atumie dawa yangu. Wewe ilikuponya, mbona yeye imemkataa?"

Kabla sijajibu, muuguzi akapaza sauti: "Mwalimu, vidonge vyako vya tezi hivi hapa. Hujakosa hata mwezi mmoja, hongera!"

Shangazi akainamisha kichwa. Mama Kulwa ndiye aliyenitazama, akasema polepole, "Kumbe wewe unameza."