Maharage ya Kambi ya Mwisho

Mwiko aliingia dukani kwangu akakishika kiatu cha barafuni kama anayembeba mtoto wa watu. Mimi hukodisha makoti, kamba na viatu vyenye meno ya chuma kwa wanaopanda vile vilele vya barafu, siku tano kwa mguu kutoka barabara inapoishia. Yeye alikuwa mpishi wao. Miaka ishirini na miwili, safari arobaini na moja, na barafu yenyewe hajawahi kuikanyaga. Mpishi hubaki kambi ya mwisho akichemsha supu, mashujaa wakienda kupigwa picha.

"Dada, safari hii nataka kufika juu," alisema. "Magoti yananiambia ndiyo ya mwisho."

"Na kazi?"

"Kazi kwanza. Juu nitapanda nikipata nafasi. Mama mkwe kila nikirudi anawaambia wageni, mkwe wangu hupanda mlima mpaka jikoni."

Nilimwonea huruma, kisha nikadai dhamana. Kitu chake pekee cha maana kilikuwa sufuria ya presha.

"Hiyo niachie, dada. Kule juu maji yanachemka lakini hayaivishi. Bila presha, maharage yanabaki kokoto."

Mimi biashara nilijifunza sokoni, nikiuza soksi moja moja kwa waliopoteza ya pili. Sidanganywi na mpishi.

"Maji yakichemka yamechemka," nilimwambia. "Moto haujui uko ghorofa ya ngapi."

Akaitazama sufuria, akavitazama viatu. Akachukua viatu.

Mchana wakaja wapandaji sita aliokuwa akienda kuwapikia. Niliwakodisha kila kitu, na juu yake ahadi yangu iliyoandikwa ubaoni: asiyefika kileleni anarudishiwa nusu. Ahadi hiyo ilikuwa haijanigharimu hata senti, maana aliyeshiba kwa Mwiko hupanda. Shibe hiyo inatoka wapi, sikujiuliza. Ningejiulizaje, na nyumbani, ndani ya sufuria ya Mwiko, maharage yaliiva kabla mume wangu hajamaliza kulalamika kuwa yanachelewa? Nilijipongeza.

Yaliyobaki nilisimuliwa na kiongozi aliyewaongoza njia hao sita. Kambi ya mwisho Mwiko alichochea jiko toka asubuhi hadi alasiri. Akawaambia, "Hayajaiva, jamani, kuleni mkate." Wao, watu wa kujua mambo, wakajibu kwamba wanayapenda yakiwa yamekaza kidogo.

Kulipopambazuka, watano walikuwa wameyagawana mawe makubwa ya karibu, kila mtu na lake la kujificha nyuma yake. Waliosimama wima walikuwa watatu: kiongozi, ambaye hula mkate wake mwenyewe, mwalimu mstaafu, ambaye meno yake ya bandia yaliyagomea maharage, na Mwiko. Kwenye nyufa za barafu kamba hufungwa watu watatu, si wawili. Kiongozi akaangaza macho kambi nzima.

"Mwiko, una viatu?"

"Ninavyo."

Alikuwa ameshavifunga.

Walifika. Kiongozi anasema Mwiko alisimama kileleni akapigwa picha, kisha akauliza nani amebaki kuangalia jiko.

Wale watano walirudi dukani wamepungua uzito, kidole kikielekea ubaoni. Nikawalipa nusu zao, huku nikitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Mwiko akarudisha viatu, visafi kuliko nilivyompa, na dhamana ni dhamana: nikamrudishia sufuria. Mume wangu anaililia mpaka leo. Kazi ya jikoni Mwiko aliipoteza, kwani nani amwajiri mpishi wa kokoto? Ila picha ipo ukutani kwa mama mkwe, ambaye sasa huwaambia wageni kwamba yeye alijua toka zamani.

Mimi ule ubao niliugeuza. Upande wa pili nimeandika kwamba nakodisha pia sufuria za presha. Wateja wakiuliza za nini, nawaambia kule juu maji yanachemka lakini hayaivishi. Wajanja hubisha. Hao sibishani nao. Nawataka walipe pesa zote kabla hawajapanda.