Kiraka cha Saruji

Kila asubuhi fundi wa ngome huanza na ukuta wa upande wa bahari. Huugonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Palipo pazima huitika kwa sauti nzito; palipooza hulia kama debe tupu, naye huchora alama ya mkaa. Siku hizi mkaa humwishia kabla ya ukuta. Kiraka kimoja tu hukipita bila kukigonga. Alikisiliba mwenyewe ujanani, kwa saruji, akasifiwa mpaka kichwa kikavimba. Nani angemwambia wakati ule kwamba saruji hufungia chumvi ndani, na chumvi hula jiwe la kale kimyakimya?

Jana mkaguzi wa majengo ya kale alikipapasa kiraka kile, akatabasamu. "Mzee wangu, hapa ulifanya kazi. Hata ufa hakuna!"

"Hakuna," alijibu fundi, macho chini.

Mkaguzi akakigonga kwa kifundo, kama alivyomwona fundi akifanya. Chini ya saruji, fundi akasikia unga wa mawe ukianza kumiminika taratibu, na haukukoma. Fundi hakuchora kitu. Aliutia mkaa mfukoni, mkono ukabaki humo humo.