Mraba Nliourusha Nikichungulia

Kazi yangu siku ile ilikuwa kurusha mraba. Mraba wenyewe umeungwa kwa mabomba ya maji, mwepesi, ungedhani dirisha la banda la kuku. Unafumba macho, unaurusha nyuma. Pale ulipoangukia ndo unachimba tope, unalitia kwenye chekeche, unahesabu kilicho hai: kombe, chaza, minyoo, vikaa vidogo. Mtaalamu anaandika. Kwa hesabu hiyo ndo wanajua huko chini ni kuzima au kunaumwa.

Mtaalamu alikuwa dada wa Kihindi, kwao wana duka la vitambaa Mji Mkongwe. Alinichukua kwa sababu nlimwambia matope yale nayajua tangu sijaota meno. Skuli niliishia ya msingi, lakini mdomo wangu umefika chuo kikuu.

"Usichague pahala," akanambia. "Ukichagua, umeharibu kazi yote."

"Dada, mie hata mchumba sijawahi kuchagua, nangoja nichaguliwe."

Akacheka. Akaniamini.

Sasa, pale mto unapoingia baharini ndo pahala pa shangazi yangu. Mie wa Kikwajuni, mjini, lakini likizo zote za skuli nlikuwa kwake. Yeye na wanawake wenziwe huingia maji yakitoka, na vikapu vyao, wakaokota kombe. Hana shamba, hana mume. Asubuhi ile, kabla hatujaingia, alinivuta ukutani kwake.

"Wakikuta kombe wachache, serikali watapafunga, ati papumzike. Washatwambia kwenye mkutano. Wakipafunga mie niende wapi, baba? Nikaokote kombe kwenye maghorofa ya Michenzani?"

Mzaha mzuri. Sikucheka.

Kombe aliye hai hujizika, lakini juu ya tope huacha vitundu viwili, vimekaribiana kama pua ya mtoto. Shangazi ndo alonifunza kuviona, na jicho likishajifunza halisahau. Basi kila nlipogeuza mgongo nirushe, nlichungulia chini ya kwapa, nkaona pua, nkarusha. Mtaalamu macho yake yako kwenye fomu. Chekeche linajaa.

"Mashaallah," anasema. "Chini kuzima kabisa."

"Kuzima kunishinda mie," namjibu.

Lakini kati ya pua na pua kulikuwa na tope jeusi, linanuka yai viza, halina hata tundu. Mapande makubwa. Nlikuwa nayapita upesi, kama mtu anavyopita nyumba yenye msiba asiyotaka kuingia.

Hapakufungwa. Shangazi akanipikia pweza wa nazi, na kila mgeni akija namsikia: "Huyu mtoto mkono wake una baraka." Nlikula, macho nkayaweka sahanini.

Bamvua moja mwaka jana, maji yametoka mbali kuliko kawaida, nkenda tena. Tuliingia wawili, mie na shangazi, saa nne, jua kali. Kitu cha kwanza kilichonishtua ni ukimya. Tope lililo zima, maji yakishatoka, hutoa sauti, lote linatafunatafuna, utasema umati wa watu wananong'ona kwa midomo mikavu. Siku ile halikusema kitu. Nlikuwa nasikia pumzi zangu na za shangazi, basi.

Halafu nkawaona. Kombe, uwanja mzima, wamesimama wima topeni, midomo wazi. Nkainama nkamgonga mmoja. Tupu. Wa pili. Wa tatu. Wamesimama vilevile walivyokuwa wakiishi, kama wanangoja maji yarudi tu. Upepo ukipita juu ya midomo yao unapiga mluzi mwembamba.

"Shangazi."

"Naam."

"Siku ile nlichagua. Mraba sikuurusha kwa haki."

Hakuinua kichwa. "Nlikuona. Nlikuwa kwenye mikoko pale, naiona shingo yako inavyogeuka. Nkawa nakuombea usikose."

"Mbona hukunikataza?"

"Nikukataze? Si mie nlokutuma?" Akachokoa tope kwa chuma chake, kikatoka kitupu. "We umechimba siku moja. Mie nachimba kila siku. Nlijua panakufa tangu hamjaja nyie. Nlitaka bamvua moja tu zaidi. Halafu nkataka moja tena."

Mie sijawahi kukosa mzaha, hata makaburini. Pale nkatoa simu.

Nkampigia mtaalamu, miguu iko topeni. Nkamwambia zile karatasi azitupe, nlimdanganya.

"Zote?"

"Zote, dada."

Shangazi alikuwa kasimama ubavuni mwangu, anasikiliza. "Mwambie waje wapafunge," akasema, akageuka, akaanza kurudi pwani bila ya kunisubiri.

Nkayafikisha maneno yake kama yalivyo. Mtaalamu nkamsikia anageuza karatasi. Halafu akauliza:

"Nani huyo anayepiga mluzi hapo?"

Nkatazama nyuma yangu, tope lote.

"Hakuna mtu," nkamwambia.